Don Hipólito na Kura za Birika

Don Hipólito Huanqui, fundi saa wa mtaa wetu hapa Arequipa, alikuwa amepiga kura miaka hamsini bila kuwa wa kwanza kwenye foleni hata siku moja. Alijivunia hilo kuliko saa zote alizozifufua. Kwetu kupiga kura ni lazima kisheria, na kususia hakuna anayethubutu, maana benki watakuonyesha mlango na ofisini hutagongewa muhuri hata mmoja. Lakini kuwahi ni ujinga mkubwa zaidi. Wasimamizi wa meza huchaguliwa kwa bahati nasibu, na wakijitia ugonjwa, afisa huwakamata waliotangulia foleni na kuwakalisha pale mpaka kura ya mwisho ihesabiwe. Ndiyo maana asubuhi ya uchaguzi mtaa mzima hujibanza kwenye kona, kila mtu akimngoja mjinga wa siku ajitokeze.

Mwaka ule mgombea umeya mmojawapo alikuwa Nicanor Zegarra, mwoka mikate, alama yake birika. Nicanor alimsimamia binti wa don Hipólito kwenye ubatizo, na tangu hapo wanaume hao wawili huitana kompadre na kupendana kuliko ndugu wa tumbo moja. Ni mtu mwema, mkono wazi, na mgombea wa hovyo kabisa: aliahidi kutujengea daraja ilhali mtaani kwetu mto hatuna. Jumapili sita mfululizo tulikula adobo ya nguruwe kwake, na kila aliyepangusa mdomo alimwahidi kura.

"Wengine wakininyima nitavumilia," alimwambia don Hipólito mbele yetu. "Ukininyima wewe, kompadre, nitajua sina mtu duniani."

"Acha maneno yako. Nimpe nani mwingine?"

Mwingine alikuwepo. Mama mmoja mhandisi, alama yake jembe, alikuwa ameahidi maji.

Siku yenyewe, saa mbili na nusu, meza yetu ilikuwa haina mtu. Don Hipólito akachomoka kwenye kona, asome tu majina ya wasimamizi kwenye karatasi ya mlangoni na kuchungulia kama wamefika. Afisa, binti mmoja mwenye filimbi, akamshika mkono.

"Karibu, mzee. Wewe ndiye wa kwanza."

"Mimi nasoma tu."

"Vizuri sana. Mwenyekiti lazima ajue kusoma."

Nilicheka kwa sauti, kinyozi mimi, nikafanywa katibu. Muuza magazeti aliyenicheka mimi akawa wa tatu.

Saa kumi tulifunga mlango tukaanza kuhesabu. Don Hipólito alifungua karatasi moja moja na kusoma kwa sauti, mawakala wa vyama wakimkodolea macho. Jembe. Mpira. Jembe. Tupu. Kadiri rundo lilivyopungua ndivyo jasho lilivyomtoka. Birika halikuonekana.

"Komadre Zoraida kapiga hapa," alininong'oneza. Zoraida ni mke wa Nicanor. "Karatasi nimempa kwa mkono wangu mwenyewe."

Akafungua nyingine. Haikuwa na alama yoyote. Kalamu alikuwa nayo mkononi, na alama moja tu ingetosha. Aliitazama muda mrefu mpaka wakala mmoja akakohoa.

"Tupu," akasoma.

Matokeo tuliyabandika mlangoni yakiwa na saini zetu. Nicanor, ambaye yeye alipigia kura meza nyingine, akaja na mkewe, amevaa suti yake ya harusi. Akaweka kidole kwenye mstari wa birika, akaufuata mpaka mwisho, kisha akarudia.

"Kompadre, hii sifuri ni ya nini?"

Don Hipólito akaisoma karatasi upya, kana kwamba si yeye aliyeitia saini.

"Ya kwako ungeninyima, ningelia nikanyamaza. Lakini kura ya mke wangu mmeipeleka wapi?"

Zoraida aliinamia viatu vyake. Nilimwonea huruma, na aibu ikanipata na mimi, kwa kuwa adobo nilikula.

"Zimeharibika kura kumi na moja," don Hipólito akasema polepole. "Mbili ni zetu, kompadre. Alama inatakiwa ikae ndani ya kisanduku. Mimi macho yangu ndiyo haya. Komadre naye, mkono wake. Hujaona unavyotetemeka?"

Nicanor akamgeukia mkewe. "Unatetemeka, Zoraida? Tangu lini?"

"Tangu Pasaka," akajibu, na mkono ukaanza.

Nicanor akalia kama mtoto, akawakumbatia wote wawili pale mlangoni.

Sasa yapata miaka minne. Zoraida ni mshonaji. Hutunga uzi kwenye sindano bila miwani, lakini akisikia tu hatua za mumewe, mkono huanza. Don Hipólito anapapasa kuta kila akipita mbele ya duka la mikate. Nicanor huwakatia nyama wote wawili kwenye sahani, kwa upendo mkubwa. Juzi ametangaza kwamba atagombea tena. Safari hii, anasema, ameuliza sheria na imemruhusu: ataingia nao kwenye kibanda cha kupigia kura, mmoja baada ya mwingine, awashikie kalamu.