Mwanya wa Baba

Daktari wa meno aliponiambia kuwa jino langu la mbele, la juu, halina budi kung'olewa, nilimuuliza kama hawezi kuning'oa kidole badala yake. Alicheka. Mimi sikuwa natania sana. Mpiga tarumbeta hupiga kwa midomo, lakini meno ndiyo ukuta ambao midomo inauegemea.

Hofu yangu ilikuwa na sababu ya pili, na hiyo sikumwambia. Ninaishi Anderlecht, hapa Brussels, na baba yangu, na miaka hii majina yanamponyoka. Zamani aliniita mama, kama akina baba wa kwetu wanavyowaita binti zao; sasa mara ananiita kwa jina la dada yake marehemu, mara haniiti kabisa. Ila nikianza kupiga tarumbeta jikoni, hata akiwa chumbani na mlango umefungwa, atasema mtoto wake anapiga. Uso wangu haumwambii tena mimi ni nani. Sauti bado inamwambia.

Yeye ndiye aliyenifundisha, Lubumbashi, enzi ambazo bendi yoyote yenye tarumbeta ilijiita jazz hata kama ilipiga rumba tupu. Muziki wenyewe aliunasa ujanani kwenye redio ya mawimbi mafupi: hard bop, ule mtindo wa Wamarekani weusi wa miaka ya hamsini. Vijana wale waliona jazz imekuwa ya kichwani mno, ya watu kukaa na kutafakari. Basi wakairudishia bluzi na kanisa la Jumapili: makofi, mmoja anaita na wengine wanaitika, tarumbeta na saksafoni zikiutamka wimbo pamoja kama watu wawili wanaosoma zaburi moja. Baba aliposikia hayo alisema hawa wanasali kanisa letu, na mchungaji hakumweza kwa hoja. Leo vijana wa rap wanakata vipande vya rekodi zile na kuvitumia upya, na hapa Brussels, kwenye mikahawa ya Etterbeek ninakopiga na wenzangu, wazungu hupiga makofi palepale yanapopigwa kanisani bila kujua wameyatoa wapi.

Kanuni ya baba ilikuwa moja: katika muziki huu kukosea noti ni dhambi ndogo, kufanana na mwenzako ndiyo kubwa. Mabingwa wale ungewatambua kwa noti mbili tu. Mimi nilitambulika kwa kitu nilichorithi kwake, mwanya. Kwetu mwanya ni uzuri, na wapo waliousifia. Kwangu ulikuwa pia njia ya pumzi. Kila noti ya chini iliondoka na mchakacho mdogo wa upepo, kama mtu anayevuta pazia. Baba alikuwa na mchakacho uleule kabla meno yake hayajaisha.

Jino likang'olewa. Nilirudi kwa metro namba tano mdomo umekufa ganzi, nikiogopa kuligusa pengo kwa ulimi, na nikiligusa kila kituo. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Siku ile niliwachukia wahenga.

Baadaye nikawekewa jino la muda. Daktari, kijana mpole anayeipenda kazi yake, alinipa kioo. Mwanya haukuwepo. Alikuwa amelipanua jino kidogo ili auzibe, zawadi yake kwangu, maana kwao mtoto mwenye mwanya hufungwa nyaya mpaka meno yakutane. Nilimshukuru kwa adabu kama mjinga.

Jioni nilipiga jikoni. Noti zilitoka zote, safi, zimenyooka. Nikasubiri neno kutoka chumbani, na neno halikuja. Nikapiga wimbo wa kwanza alionifundisha. Ndipo akasema, kwa upole wa mtu anayemsifu mgeni:

"Anapiga muzuri. Bon, ni nani?"

Niliiweka tarumbeta mezani nikashika ukingo wa sinki. Nimewahi kuogopa, lakini si vile. Sikujua kama ni jino au ni yeye. Kama ni jino, lingetengenezwa. Kama ni yeye, basi alikuwa amenisahau moja kwa moja, na hilo halina fundi.

Nilirudi kwa daktari nikamwambia jino la kudumu nalitaka na mwanya wangu. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kutoboa dirisha jipya. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya baba kijana, anacheka, tarumbeta kwapani. Aliikuza, akaukuta mwanya uleule, akakubali. Miezi ya kusubiri sikupiga kabisa. Niliogopa baba asije akamzoea yule mgeni. Naye siku hizo hakuniita kwa jina lolote. Alikula nilichompikia, akasema asante, maman, kwa Kifaransa, kama anavyomwambia muuguzi anayekuja kumwosha.

Jino lilipowekwa, sikuharakisha. Nilipika kwanza. Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Kisha nikapiga noti moja ya chini, ndefu, na upepo ukachakacha.

Nilisikia kitanda kikilia, halafu ndara zake zikiburuta sakafuni hadi mlangoni. Alinitazama mdomoni, si machoni.

"Ulikuwaka wapi, mama?"

Nikamjibu nilikuwa kwa daktari wa meno. Sikumwambia kuwa jino la kando ya lile jipya nalo limeanza kulegea.