Kengele ya Kapita

Euphrasie wa Pinga alikuwa na sauti ya kupasua ukungu. Alipoanzisha wimbo kanisani, hata kuku waliokuwa nje waliinua shingo. Mumewe Hubert, mwindaji, alipenda kusema kwamba hakuoa mke, alioa filimbi yenye miguu. Basi fikiria uchungu wa mwanamke wa namna hiyo anapokatazwa kuimba.

Mambo yalianzia matopeni. Msimu mmoja wa mvua, katika miaka ile ya hamsini, Mzungu mwenye kamyo, lori lililobeba mashine ya kunasa sauti, alikwama njiani, akitoka Masisi kuja Pinga. Euphrasie, Hubert na mbwa wake Kapita, pamoja na Floribert mpiga gitaa, wakamkuta, wakasukuma mpaka wakafanana na udongo. Kamyo halikutoka. Kwa kuchoka kukaa bure, Mzungu akawasha mashine yake. Floribert akapiga gitaa, Hubert akagonga vijiti juu ya mwanzi mkavu, Euphrasie akaimba. Mwishowe Mzungu akaondoka na sauti zao. Baadaye Floribert akashuka Bukavu kutafuta kazi, asionekane tena.

Miaka ikapita. Mfanyabiashara Hakorimana akaleta Pinga gramafoni na santuri chache. Siku moja Euphrasie akasikia koo lake mwenyewe likitoka ndani ya sanduku.

"Njo mimi! Ni mimi! Njo sauti yangu ile!"

Lakini kwenye karatasi nyekundu katikati ya santuri palikuwa pameandikwa: Jazz Palmarès, Léopoldville, na chini yake majina ya wanaume peke yao. Papa Gustave, katekista, akayasoma polepole, kama anayewaita wafu.

"Mama Euphrasie, huyu mwenye kuimba anaitwa Alphonse."

"Basi Alphonse iko na sauti ya mwanamuke, Papa."

Watu wakacheka. Gustave hakucheka. Mwongo, akasema, haanzishi wimbo mbele ya Mungu. Atubu mbele ya watu, ao akae nyuma na kufunga kinywa. Hubert alipomtetea mkewe, wakamuuliza chakula chake hupikwa na nani.

Euphrasie hakutubu. Kuomba msamaha kwa jambo ulilolitenda kweli ni kama kumzika mtoto anayepumua. Jumapili baada ya Jumapili alikaa nyuma, huku Mama Agathe, mwanamke mwema, akianzisha nyimbo chini sana hata zikatambaa sakafuni kama konokono.

Ilipobaki siku moja tu kufika Noeli, watu walijaa barazani kwa Hakorimana. Santuri ileile ilikuwa inazunguka. Kwa kawaida Hakorimana aliinua sindano mara sauti ya mwimbaji ilipokoma, ili isichakae. Siku hiyo alikuwa anapima chumvi, akasahau. Gitaa likaendelea peke yake, likafifia, kisha ndani ya sanduku kukasikika: ko! Ko-koo! Ko!

Wawindaji wa Pinga humvalisha mbwa kengele ya mti. Njiani huzibwa kwa majani. Mawindo yakianza, majani hutolewa. Kila mmoja huchonga yake, na wenzake huijua kama wanavyoijua sauti ya mtu. Atakayechelewa kufika kwenye wavu hurudi nyumbani bila nyama.

Papa Gustave alikuwa na nafasi yake kwenye wavu wa Hubert. Aliruka baraza, suruali imepandishwa magotini.

"Kengele ya Kapita! Hubert, mbona haukuniambia? Wavu! Wavu yangu!"

Mbwa wote wa kijiji wakamfuata. Kapita mwenyewe, aliyelala chini ya benchi na kengele yake imezibwa vizuri, akainua kichwa. Akajisikia anawinda mahali pengine. Akatazama kifua chake, akalia kwa mshangao, akawafuata wenzake.

Gustave alikuwa amefika migombani kicheko kilipomfikia. Akarudi taratibu, jani kavu kichwani.

"Papa Gustave," Euphrasie akauliza, "ile mbwa ilienda Léopoldville na kamyo gani?"

Katekista akahema.

"Ile kengele... ni ya Kapita."

"Sema kwa nguvu, Papa. Watu ya nyuma hawasikie."

"Ni ya Kapita! Majani ilianguka, akalia mule. Na kama Kapita alikuwa mule, hata wewe ulikuwa mule!"

Baraza likalipuka. Watu walicheza bila muziki. Ghafla nusu ya Pinga ilikuwa imesukuma kamyo lile. Mama Agathe aliapa kwamba yeye njo alishika gurudumu. Hakorimana akachukua kalamu, akafuta majina ya watu wa Léopoldville, akaandika Floribert, Hubert, Euphrasie.

"Na Kapita?"

"Andika," Gustave akasema kwa unyonge. "Andika: kengele."

Siku ya Noeli kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Gustave akasimama mbele, akamtafuta kwa macho. Euphrasie alikuwa amekaa kulekule nyuma, kwa mazoea.

"Mama," akasema, "anza."

Naye akaanza palepale alipokuwa, juu, juu kabisa, hata kanisa zima likageuka kumtazama na kuipa altare mgongo.