Nesta na Upepo wa Breki

Jambo la kwanza ambalo mgeni aliyefika katika mji wa Mpemba alilitambua kwa Nesta ni kwamba hakuipa barabara mgongo. Hata msibani alisogeza kigoda chake mpaka uso uelekee lami, ingawa lami yenyewe haikuonekana kutoka pale.

Mwaka uliotangulia, lori lililokatika breki liliacha njia likapitia kwenye vibanda vya mama lishe. Nesta alikuwa akisonga ugali. Rafiki yake Enesi, waliyekuwa wakipika naye jiko kwa jiko, alikuwa amechuchumaa akichochea moto, na hakuinuka tena. Nesta hakupata hata mchubuko. Watu walimwambia amshukuru Mungu, naye akamshukuru. Lakini tangu siku ile, kila lori liliposimama na kuachia upepo wa breki, pssss, mikono yake ililegea, sufuria likaanguka, akajikuta yuko chini ya meza bila kujua amefikaje.

Na Mpemba malori hayaishi. Foleni ya kwenda mpakani Tunduma ikijaa hurudi mpaka hapo, na upepo wa breki ndio jogoo wa mtaa.

Basi watu wakamhurumia kwa namna yao. Mumewe Wilbard, fundi seremala, akamjengea jiko uani. Majirani wakamnunulia mahitaji sokoni ili asivuke barabara. Watoto wakakanywa wasiigize malori kwa midomo. Kadiri walivyomwepusha na hofu, ndivyo hofu ilivyonenepa: baada ya miezi michache hata pampu ya baiskeli ilimtoa jasho.

Aliyeliona hilo ni sista Fides, muuguzi wa kituo cha afya aliyesomea magonjwa ya akili. Wilbard alimpeleka mkewe kwa kificho, akiogopa watu watasema mama Jastin amekuwa kichaa.

"Si kichaa," sista alisema. "Barabarani ajali imekwisha, ila mwilini mwake bado inaendelea. Na ninyi, baba Jastin, mnamlinda mpaka mmemfungia."

"Sasa nimwache aumie?"

"Mwache aende, nawe umsindikize."

Akamfundisha Nesta kutoa pumzi polepole kuliko anavyoivuta, kukanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili, na kutaja kwa sauti vitu anavyoviona: ndoo, kuku, kanga ya jirani. Akamwalika pia kwenye kikao cha Alhamisi, ambako walionusurika siku ile walisimuliana bila kukatizwa na "pole, yamepita." Huko ndiko Nesta alikolitamka jina la Enesi kwa mara ya kwanza. Alilia mpaka kwikwi, akarudi nyumbani akapata usingizi.

Kisha mwenye eneo akaleta habari: kinyozi anaitaka nafasi ya kibanda cha Nesta cha barabarani, na kisipofunguliwa mara tu sikukuu ya Pasaka ikiisha, atampa.

"Tumwachie tu," Wilbard alisema. "Si unapika uani?"

"Uani nakupikia wewe na kuku wako. Nafasi ile ni yangu. Mimi na Enesi tuliifyeka kwa mikono yetu."

Akaanza kwenda. Mara ya kwanza aliishia kwenye mashine ya kusaga, akarudi mbio. Kesho yake akafika palepale, akasimama mpaka moyo ukatulia, ndipo akarudi akitembea. Wiki kwa wiki akasogea hadi ukingoni mwa lami, Wilbard nyuma yake. Hata hivyo upepo ule bado ulimkurupusha.

Siku moja foleni imesimama, Kefa, mtoto wa shangazi yake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akamchungulia kutoka kwenye kichwa cha semi tela lake. Walikuwa watani tangu utotoni.

"Mayo, mama yangu! Unangoja mume wa pili hapo?"

"Nikimtaka, sitachukua anayenuka dizeli."

Akamweleza shida yake. Kefa hakucheka. Alizima gari, akaweka mawe kwenye magurudumu, akafungua mlango.

"Panda. Siku zote upepo huu unakupiga wewe. Leo wewe ndiye uupige."

"Mama Jastin, ngoja kwanza..." Wilbard alianza, lakini mguu wa mkewe ulikuwa tayari kwenye ngazi.

Kefa akamwonyesha kitufe cha breki. Nesta akakivuta. Pssss! Akajikunja mpaka paji la uso likagusa magoti.

"Taja vitu," Wilbard alisema kutoka chini.

"Usukani," Nesta alisema akihema. "Kioo. Soksi za Kefa, zimeoza."

Akavuta tena. Na tena. Dereva wa nyuma akapaza sauti: "Kefa, utatumalizia upepo wa nchi nzima!" Nesta alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, mkono haujakiachia kitufe.

Hakupona siku ile. Sista Fides alimwonya kwamba hofu itarudi siku nyingine, na ikirudi asidhani ameanza upya. Alhamisi ziko palepale. Nesta akaitikia, akamtuma Wilbard apigilie mbao za kibanda.

Jumatatu ya Pasaka, jioni, maharage ya kufungulia kibanda kesho yake yalikuwa yamelowekwa na kuni zimepangwa. Kefa alituma ujumbe wa simu kutoka kwenye foleni: "Sahani ya kwanza yangu. Kinyozi asinitangulie." Nesta akausoma, akafunua beseni kutazama kama maharage yamevimba. Hayajavimba. Akafunika, akaketi, akafunua tena. Aliona kama hakutakucha.