Mguu wa Mwalimu Breki

Ukitaka kumjua mtu, mtazame miguu. Uso una adabu zake, umefundishwa tangu utotoni kuficha mambo. Miguu haikufundishwa na mtu. Mwalimu Breki alikuwa na uso mtulivu wa baba wa nyumba, lakini mguu wake wa kulia uliishi maisha yake wenyewe.

Kazi ndiyo iliyomharibu. Alifundisha watu udereva katika kigari chenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, naye ujana wake wote uliishia pale kiti cha pembeni, akiokoa mbuzi, nguzo za umeme na waenda kwa miguu. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na mtaro," aliwaambia wanafunzi wake. "Mimi nipo hapa ili mtaro ukose kazi." Tabu ni kwamba mguu haukujua saa za kazi. Kinyozi akisogeza wembe sikioni, mguu unakanyaga. Mkewe akijaza kikombe karibu na ukingo, mguu unakanyaga. Kwenye harusi ya shemeji yake, bwana harusi alipoulizwa kama amekubali, mguu ulikanyaga kwa kishindo hata watu wakageuka kutafuta mwenye pingamizi.

Binti yake aliitwa Kisulisuli, kwa sababu hakuwahi kupita mahali pakabaki kama palivyokuwa. Alipoingizwa kwenye shindano la dansi la watoto, sebule iligeuka uwanja wa mazoezi. Kila jioni viti vilisukumwa ukutani, redio ikafunguliwa, na baba akakaa kwenye kigoda mbele ya kabati la vyombo kama askari wa benki. Kisulisuli akizunguka, akizunguka, akilikaribia kabati: ti! Mguu wa baba sakafuni. Mtoto anaganda palepale, mkono hewani, mguu hewani. Baba anahakikisha hakuna sahani iliyo hatarini, anainua mguu, mtoto anaendelea. Ilifaa sana. Kabati lilipona, televisheni ilipona, hata vidole vya bibi vilipona. Samaki alikunjwa angali mbichi, na hakuna aliyejiuliza akikauka na mkunjo huo itakuwaje.

Siku ya shindano walijipakia wote kwenye gari la kazini, kibao cha MWANAFUNZI kikiwa bado juu ya paa, na madereva wengine wakawapisha kwa heshima inayotokana na woga. Mbele alikaa mkewe, msusi, ambaye alikuwa amemsuka binti tangu alfajiri na bado alikuwa na kitana mdomoni. Nyuma, pamoja na mjukuu wake, alikaa bibi, yaani mama mkwe wa Mwalimu, mkunga mstaafu, mwanamke mpana wa mwili na wa kauli, akilipakata gauni la njano lenye marinda kana kwamba limezaliwa muda huohuo.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Watazamaji walikaa kwenye madaraja ya mbao yaliyopanda mpaka karibu na dari, na mbao zile zilikuwa tupu kwa chini. Mtu akikohoa zinajibu. Mwalimu Breki hakulitilia maanani jambo hilo.

"Kisulisuli wetu huyo!" mama mkwe alipiga kelele pazia lilipofunguka. "Amewaka kama taa!"

Muziki ukaanza. Mtoto alitoka kama mshale, marinda yakifunguka, akaruka, akazunguka, akaelekea ukingo wa jukwaa kwa kasi. Baba aliuona ukingo.

DUUM!

Mbao zikanguruma ukumbi mzima. Pale jukwaani Kisulisuli akaganda: mguu mmoja hewani, mikono imetandazwa, macho wazi. Muziki unaendelea, mtoto kasimama kama sanamu.

"Anafanya nini?" mkewe alinong'ona.

Mwalimu Breki alijua vizuri anachofanya. Anasubiri mguu uinuliwe. Lakini hofu ilikuwa imemshika, na kila hofu ilivyozidi ndivyo mguu ulivyozidi kukandamiza.

"Inua!" mkewe akasema.

"Hauinuki!"

"Ni wako!"

"Najua ni wangu! Hausikii!"

Mama mkwe akainama, akalishika lile goti kwa mikono miwili, akaling'oa kama muhogo. Papo hapo Kisulisuli akaendelea, akatua sawasawa na mdundo. Ukumbi ulilipuka. Watu waliona ni ufundi, utulivu ulionunuliwa kwa mazoezi. Jaji mmoja alisimama kabisa kupiga makofi. Mshereheshaji alipotaja waliofuzu raundi ya mwisho, Kisulisuli alikuwamo.

Lakini mtoto mwenyewe hakudanganyika. Alipanda madaraja na marinda yake, akasimama mbele ya baba, mikono kiunoni.

"Baba, toka nje."

"Mwanangu!"

"Mguu wangu ulikuwa unatetemeka. Ningeanguka. Huo wako ukibaki humu ndani, mimi sichezi."

"Nitavua kiatu."

"Kisigino chako nakijua, Baba. Kina sauti."

Mwalimu Breki alinyanyuka taratibu. Jioni zote zile juu ya kigoda alikuwa akiingoja saa hii hii, kumwona binti yake akicheza mbele za watu; na sasa atamsikilizia mlangoni, pamoja na wauza maji. Aliokota kofia yake.

"Keti wewe," mama mkwe akasema. "Mjukuu wangu, shida yako ni baba yako au ni mguu?"

Kisulisuli akafikiri. "Mguu."

"Basi mguu usifike chini." Akajipigapiga mapajani. "Mkwe, ulete hapa."

Mwalimu Breki akataka ardhi ipasuke. Tangu aoe hajawahi kukunja nne mbele ya mama huyu. Akimsalimia humsalimia kwa mbali, ameinama. "Mama, haiwezekani. Mimi... mguu... kwako?"

"Miguu nimeshika mingi maishani, tena ya watu wanaopiga kelele kuliko wewe. Lete!"

Akaleta. Kiatu kikavuliwa, na soksi ikaonyesha tundu ambamo kidole gumba kilichungulia kama mpangaji dirishani. Mkewe aliziba uso kwa mikono miwili, mabega yakitikisika. Watu wa daraja la nyuma hawakujisumbua kuziba chochote. Walicheka mpaka wakashikana.

Kisulisuli aliukagua mguu pale ulipo, akatikisa kichwa kukubali, akashuka mbio.

Muziki wa mwisho ulikuwa wa kasi. Mtoto akaingia kwa kuruka, akageuka, akageuka tena, na baba akausikia mguu ukikaza.

"Tulia," mama mkwe akasema, amekifumbata kifundo. "Pumua."

Kisulisuli akaruka juu kuliko alivyowahi kuruka sebuleni, akatua kwenye pindo la gauni lake, akateleza. Ukumbi ukavuta pumzi. Mwalimu Breki akakanyaga kwa nguvu zote alizopewa na Mungu.

"Usisukume!" mkunga akamwamrisha, akining'inia kwenye mguu. "Usisukume mpaka nikwambie!"

Mtoto alikuwa ameangukia goti moja, karibu kabisa na ukingo. Akatazama upande wao. Mwalimu Breki aliona wazi anangoja nini: sauti ya breki. Haikuja. Mahali pake kukaja kitu kilichomtoka baba kifuani kabla hajakijua, maneno ambayo hakuwahi kumwambia mwanafunzi yeyote.

"Kanyaga mafuta, mwanangu! Kanyaga mafuta!"

Kisulisuli akatabasamu meno yote. Kutoka pale gotini akazunguka kama pia, akainuka akizunguka, marinda yakawa duara moja la njano, akaenda jukwaa zima bila kusimama hata muziki ulipokwisha, na ikabidi mshereheshaji amdake.

Alishika nafasi ya pili. Ya kwanza alichukua mtoto mmoja aliyevaa suti ya nyota, ambaye kwa maoni ya mama mkwe alishinda kwa suti. Hakuna aliyehuzunika. Kisulisuli alitoka na medali shingoni, akimsimulia kila aliyepita jinsi alivyoanguka makusudi.

Kwenye gari Mwalimu Breki aligundua kwamba mguu umekufa ganzi. Haukukanyaga kitu chochote. Ulilala kama kichanga kilichoshiba. Ikabidi mkewe, ambaye leseni yake ilikuwa imesahaulika kabatini kwa sababu ya abiria wake huyuhuyu, ashike usukani. Mwalimu Breki akakaa kiti chake cha kazini, breki ya pili iko mbele yake, na hana cha kuikanyagia.

Barabara ilikuwa imenyooka. Kutoka nyuma sauti mbili zikaimba kwa pamoja, ya bibi na ya mjukuu:

"Kanyaga mafuta, Mama! Kanyaga mafuta!"

Mkewe alimtazama kwa jicho la pembeni. Mwalimu Breki akaushika mguu wake kwa mikono miwili, endapo utaamka, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Haya," akasema. "Twende."