Sauti ya Alliance

Pale Nengo, huku Gisenyi, ng'ambo ya mpaka na Goma, jina la Mukabera lilivuma kwa sababu ya maswali. Kila Jumapili alasiri, ukumbi wa parokia ulifanya mashindano ya maarifa: milima, mito, wanyama, watu mashuhuri. Mukabera, mwanamke wa kuvusha karoti na kabichi kwenda Goma, alijibu kabla wenzake hawajafungua mdomo. Akiulizwa mji mkuu wa Mongolia, anajibu. Akiulizwa ni ndege gani anayejenga kiota kikubwa kuliko mahitaji yake, anasema, "Fundichuma." Watu wakimuuliza amejifunza wapi, hutabasamu na kubadilisha mazungumzo.

Ukweli ni kwamba majibu yalikuja kwa sauti ya dada yake. Alliance alikuwa mkubwa wake. Walipokuwa watoto, huko Goma, mtaa wa Murara, alikuwa akimsomea kitabu cha jiografia kitandani, Kifaransa akikigeuza Kiswahili, mpaka Mukabera alale. Basi swali likitajwa ukumbini, Mukabera husikia kwanza sauti nyembamba ya msichana karibu na sikio lake la kushoto, naye hurudia tu. Hata mambo aliyoyasikia redioni akiwa mtu mzima yalimjia kwa sauti ile ile. Hakumwambia mtu.

Mlima ulipopasuka na moto ukashuka mjini, walikimbia na mama yao kuelekea mpaka wa Gisenyi. Njiani Alliance alikumbuka mbuzi wa jirani aliyefungwa uani, akageuka kwenda kumfungua.

"Nyie muende na mama," alisema. "Mi nitabakuta pa barrière."

Hakufika. Mama yao alimngoja mpakani, kisha akamngoja miaka yote iliyofuata, wala hakukubali isomwe misa ya marehemu hadi alipokufa yeye mwenyewe. Walibaki Gisenyi, na Mukabera alipokua akawa akivuka kila siku kwenda kuuza Goma, lakini Murara hakukanyaga tena. Akilazimika kupita upande ule, huzunguka.

Jumapili moja kundi la Nengo lilicheza na kundi la vijana kutoka Goma. Pointi zilikuwa sawasawa. Narcisse, mwalimu aliyekuwa akiuliza maswali, akamgeukia Mukabera.

"Mama, hii ni rahisi. Volkano gani ilimwaga moto mpaka katikati ya Goma, mwaka wa elfu mbili na mbili?"

Ukumbi ulicheka. Mukabera alisubiri sauti. Haikuja. Aliinamisha kichwa kidogo kushoto, kama afanyavyo siku zote, akasikia kimya kizito, kama cha nyumba ambayo watu wake wametoka mbio na kuacha mlango wazi. Muda ukaisha. Kijana wa Goma akasema, "Nyiragongo," na makofi yakalia.

Narcisse alimfuata nje. "Ulikuwa umechoka, mama?"

"Sikusikia."

"Lakini nilisema kwa sauti."

"Si wewe," alisema Mukabera, akaenda zake.

Kesho yake alivuka na mzigo wake, akauacha kwa mwenzake sokoni, akapanda Murara kwa miguu. Barabara aliyoijua ilikuwa imelala chini ya mawe meusi, na juu ya mawe watu walikuwa wamejenga. Alipima kwa macho kutoka ukuta wa kanisa lililosalia. Mahali pa kwao palisimama nyumba ya mbao. Mwanamke mwenye mtandio, jina lake Saidati, alikuwa akianika nguo.

"Mama, we unatafuta nani?"

"Hapa palikuwa kwetu. Zamani, mbele moto haujashuka."

Saidati aliweka beseni chini, akamletea kiti. "Ikala, mama. Sisi tulikuta iko majiwe tu."

Mukabera alikaa. Jiwe chini ya miguu yake lilikuwa na vuguvugu la jua, naye akavuta miguu.

"Mulichimba hapa?"

"Tulichimba choo, tukashindwa. Iko nguvu sana."

"Hamukukuta kitu?"

"Hapana. Ulipoteza nani?"

"Dada yangu. Alikuwa anaitwa Alliance."

Alijisikia akisema "alikuwa". Hakuwahi kulisema neno hilo juu yake. Alilia pale pale, na Saidati akasimama kando yake, mkono begani, bila kumharakisha.

Mwezi huo huo misa ya marehemu Alliance ilisomwa Nengo. Saidati, ingawa Mwislamu, alivuka mpaka, akakaa benchi la nyuma kabisa, akatoka wakati watu walipokwenda kupokea komunyo.

Mukabera hakuacha mashindano. Jumapili iliyofuata Narcisse aliuliza ni mto gani unaopita karibu na Timbuktu, swali alilokuwa amelijibu mara nyingi. Alisubiri. Kisha akalazimika kutafuta mwenyewe, polepole, kama mtu anayepapasa kiberiti gizani.

"Senegali," alisema.

"Pole, mama. Ni Niger."

Jioni alirudi nyumbani peke yake kwa njia ya ufukweni. Mara mbili alisimama na kuinamisha kichwa kushoto. Yalikuwa mawimbi ya ziwa tu yakigonga mawe.