Daktari wa Meno Hamalizii Mpira

Daktari wetu wa meno hucheza gofu kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Hupiga bila kujipima, huanza kutembea mpira ukiwa bado angani, na sisi tunaozubaa hutuhimiza: “Tusonge jamani, wa nyuma wanatungoja!” Mpira wake ukibakiza hatua moja kufika shimoni, huinama akauokota. “Huo umeshaingia,” husema, akautia mfukoni, na mkono ukabaki humo humo. Tangu aanze haraka hizi matokeo yake yamekuwa mazuri mno, nami machale yakanicheza.

Jumamosi niligeuka nyuma. Uwanja ulikuwa mtupu, hakuna wa kutungoja. “Leo malizia, kaka,” nikamwambia. Akacheka peke yake, akashika fimbo kwa mikono miwili. Kichwa cha fimbo kikawa kinatetemeka nyuma ya mpira kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Akaugusa, ukapita pembeni ya shimo.

“Upepo huu,” akasema. Hata jani halikutikisika. Akarudisha mikono mifukoni upesi, kisha akaniuliza kwa sauti yake ile ya upole: “Si kesho asubuhi ndiyo tunaling'oa lile jino lako?”