Spika ya ubao mtupu niliyoisimamisha mlangoni mwetu Malindi ya Unguja, na siku wanawake waliposikia tusichosikia wanaume

Kishindo ndicho kilichotangulia.

Nilikuwa darini naandika. Kikasikika kishindo ukumbini, chini yangu, kama gunia la mbata lililoachiwa ghafla. Lakini kilichonitisha zaidi ni kwamba msomaji wa taarifa ya habari hakunyamaza. Aliendelea kusoma, ila sauti yake ilikuwa imekonda, kama mbu aliyejifunza Kiswahili sanifu.

Wakuu, assalam alaykum. Shikamoo zenu nshazipokea kabla hamjazitoa, maana humu ndani nadhani mimi ndiye mkubwa wenu.

Nimeona mnabishana kuhusu spika za ubao usio na sanduku, zile mnazoziita open baffle. Wengine mnasema ni upuuzi, wengine mnaapa kwazo. Mimi nilijenga moja Unguja miaka ya hamsini, nikiwa kijana ninayejiona mwandishi. Chumvi huwa naitia kwenye hadithi zangu. Hii nakuleteeni kavu kama ilivyotokea.

Nikashuka ngazi mbio. Redio yetu kubwa ya taa, zile za kabla ya transista, imeporomoka. Mchwa walikuwa wamelila sanduku lake la mbao kwa ndani, wakabakisha rangi tu. Mitambo imesimama mezani, taa zinawaka, na spika inaning'inia kwa nyaya zake huku bwana yule anasoma bei za masoko bila wasiwasi.

Baba alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Imekufa?" akauliza.

"Haijafa, Baba. Imevuliwa nguo."

"Basi ivishe. Nyumba hii ina mashaka ya kutosha."

Mashaka yenyewe nikuelezeni mapema, maana uzi wote unaning'inia hapo.

Dada yangu Zuhura aliolewa na Haji, kijana wa Tumbatu, baharia wa meli za moshi. Haji aliondoka na meli, na kwa zaidi ya mwaka haikuja barua wala mjumbe wala senti ya matumizi. Wapo waliosema kafa. Wapo waliosema kaoa huko aliko. Zuhura akarudi nyumbani kwetu na kasha lake, akawa anapita ukumbini kama kivuli cha pazia.

Baba hakuwa mkatili. Alitaka tu mwanawe asiozee kwenye kungoja. Akaamua kumpeleka kwa Kadhi ili ndoa ivunjwe.

Na alikuwapo Bwana Suleiman, mfanyabiashara wa karafuu, mjane, mtu mzima mwenye kanzu isiyo na kunyanzi. Posa haiwezi kutajwa kwa mke wa mtu, na yeye hakuitaja. Alikuja tu kunywa kahawa na Baba jioni baada ya jioni, na kila akija ana halua. Nyumba nzima ilijua halua ile inaelekea wapi.

Sasa turudi kwenye spika.

Ikiwa tupu mezani, sauti yake haina uzito kabisa. Nilikaa nikaifikiria. Koni ya karatasi ikisukuma hewa mbele, wakati huo huo inaivuta nyuma. Sauti ya mbele inazunguka ukingo, inakutana na ya nyuma, zinauana. Ile nzito ndiyo inayokufa kwanza.

Nikachukua kipande cha boksi, nikakitoboa tundu, nikakibandika usoni mwa spika. Wallahi nilisisimka. Msomaji akapata kifua.

Kosa langu la kwanza: nikadhani kama boksi linasaidia, basi sanduku zima litasaidia zaidi. Nikaitia kwenye sanduku la chai, nikaziba nyuma. Ikawa mtu anaongea kutoka ndani ya mtungi. Mama akasema mwache atoke, maskini, anakosa pumzi.

Nikalivunja sanduku. Nikaenda sokoni Darajani kutafuta mengine, nikaunganisha mbao zake nyembamba mpaka nikapata ubao mmoja mpana kama mikono yangu iliyonyooshwa. Ukawa unatetemeka na kulia. Nikaukaza kwa nyuma na vipande vya boriti vilivyobaki walipokarabati dari ya jirani. Ukanyamaza. Tundu sikuliweka katikati. Nililisogeza upande, maana katikati sauti ilikuwa na mwangwi wa ajabu, kama inajijibu yenyewe. Koni ilikuwa imechanika kidogo, nikaiziba kwa karatasi ya sigara na uji wa ngano.

Miguu nayo nikaiweka miwili tu, kwa ubahili wa mbao. Mtalijua kosa hilo mbele.

Shida ikawa pa kuuweka. Ukiuegemeza ukutani unanguruma, kwa sababu sauti ya nyuma inagonga jiwe na kurudi. Unataka nafasi pande zote mbili. Na nyumba zetu za Mji Mkongwe mnazijua: kuta nene, vyumba vyembamba.

Pakapatikana pahali pamoja tu. Mlango mpana baina ya ukumbi wa mbele, wanapokaa wanaume na wageni, na chumba cha ndani cha wanawake. Pale palikuwa na pazia siku zote. Nikausimamisha ubao mbele ya pazia.

"Ndiyo unaniziba mlango?" Mama akauliza.

"Sikuzibi, Mama. Ubavuni pamebaki njia."

"Njia ya nani? Ya sindano?"

Lakini siku ile ile akanyamaza, maana alisikia.

Nikuelezeni ilivyokuwa zamani, vijana mtacheka. Redio ya sanduku ilitazama ukumbini. Wanawake nyuma ya pazia walipata mvumo tu. Kwa hivyo taarifa ikiisha, Mama huuliza kutoka ndani, "Kasemaje?" Na Baba hujibu, "Kasema karafuu."

"Nusu saa yote, karafuu tu?"

"Na mvua."

Ndiyo taarifa ya habari ya wanawake wa nyumba yetu ilivyokuwa kwa miaka.

Sasa ubao mtupu hauna mbele wala nyuma. Unasema kwa nyuso zote mbili sawasawa, na pazia la kitambaa halimzuii mtu kusikia. Kwa mara ya kwanza wanawake walisikia neno kwa neno, na Mama akaanza kumsahihisha Baba kwenye habari za ulimwengu.

Kitu kimoja zaidi nilikigundua. Ukisimama ubavuni kabisa, usawa wa ukingo wa ubao, sauti inapotea. Hapo ya mbele na ya nyuma zinakutana na kufutana. Unamwona kila mtu anasikia, wewe umesimama kwenye kimya. Nilikipenda kimya kile. Nilidhani ni mahali pazuri pa mwandishi kusimama.

Ikafika siku moja kabla ya kwenda kwa Kadhi.

Ilikuwa baada ya alasiri. Bwana Suleiman amekuja, halua imefika, kahawa imemiminwa. Ndani wamo Mama, Zuhura, na Bi Salma, jirani yetu wa ubavuni, mwanamke mkubwa anayejua ukoo wa kila mtu Malindi. Redio ilikuwa kwenye kipindi cha salamu, kile watu wanapeleka kadi zao zikasomwa majina.

Ubao ukaanza kuyumba. Miguu miwili ile. Nikaenda kuushika, na nikasimama wapi? Ubavuni.

Bwana Suleiman alikuwa anasimulia alivyombana mnunuzi mmoja gatini kuhusu karafuu zenye unyevu.

"Nikamwambia, yakhe, hizi zimekauka kuliko moyo wako!"

Baba anacheka. Bwana Suleiman anacheka kucheka kwa Baba. Salamu zinasomwa, hakuna anayezisikiliza.

Mimi kwenye kimya changu niliona jambo moja. Minong'ono ya nyuma ya pazia, ambayo husikika kama maji kwenye mfereji, ilikatika.

Kikaanguka kikombe ndani. Halafu Bi Salma akapiga kigelegele kirefu, kilichopita juu ya ubao, juu ya Bwana Suleiman, kikatokea dirishani.

Baba akaruka. "Kaolewa nani?"

"Hajaolewa mtu," Mama akajibu kutoka ndani, "na wala haolewi mtu! Haji mzima! Katajwa redioni!"

Bwana Suleiman akaweka kikombe chini polepole. "Redio ipi, Bi mkubwa? Hii? Mbona tumekaa mbele yake na hatukusikia?"

"Mtasikiaje na karafuu zimekujaeni masikioni?"

Baba akanigeukia. Uso wake sijausahau. Ulikuwa uso wa mtu aliyesimama kwenye ubao wa kupandia melini, hajui arudi au apande.

"Wewe ulikuwa papo hapo. Umesikia?"

Wakuu, ulimi wangu ulikuwa na "naam" tayari. Nampenda dada yangu. Neno moja tu. Lakini Baba aliniuliza kama anavyoulizwa shahidi, na kwa Kadhi ningeulizwa tena kwa kiapo.

"Sikusikia, Baba. Hapa ubavuni hapasikiki kitu."

"Umeutengeneza mwenyewe, umeushika kwa mikono yako, na husikii?"

"Ndivyo ulivyo, Baba."

Bwana Suleiman akatikisa kichwa kwa huruma, na naamini ilikuwa huruma ya kweli. "Si uongo wanaosema. Ila mwenye kungoja sana husikia anachokitaka. Mimi mke wangu alipofariki, nilisikia viatu vyake kwenye ngazi mwezi mzima."

Nyuma ya pazia nilisikia mtu anavuta pumzi, nikajua ni Zuhura.

Baba akakaa. Akafikiri. Kisha akasema, "Kila mmoja aniambie peke yake. Bi Salma, niwie radhi, teremka kwenye ngazi kidogo."

"Ebo! Leo nshakuwa mwizi?" Lakini aliteremka, kitambaa chake cha ukaya kichwani, anacheka na kulia pamoja.

Mama akasogea kwenye pazia. Akasema alichosikia: Haji wa Tumbatu, yuko Mombasa, ametoka hospitali, mguu ulivunjika melini. Anamsalimu mkewe Zuhura wa Malindi, na yuko njiani. "Na kasema kofia aimalizie, kichwa hakijakua. Kofia gani sijui. Zuhura hashoni kofia."

Akaitwa Bi Salma. Mombasa. Hospitali. Mguu. Njiani. "Na upuuzi fulani wa kofia. Kichwa sijui kimefanya nini. Hakijakua!"

Baba akatazama pazia. "Zuhura. Kofia gani?"

Tukasikia kasha linafunguliwa, bawaba zake zinalia. Kisha chini ya pazia ukatokea mkono wa dada yangu, na kwenye mkono kofia nyeupe ya viua vya kutariza, nusu imeshonwa, nusu bado alama za kalamu tu, sindano imechomekwa ukingoni.

"Hii unaishona lini?" Mama akauliza. "Mbona sijakuona nayo hata siku moja?"

"Mkilala. Niliianza kabla hajasafiri, anaijua yeye tu."

Baba aliipokea. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye viua kama anayesoma. Mpaka siku ile nilidhani mwenye kuteseka nyumbani ni Zuhura peke yake. Nikaona mabega ya Baba yanashuka, pumzi ndefu inamtoka, na nikaelewa kwamba safari ya kesho ilikuwa inamkaba yeye kuliko sote.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kesho hatuendi pahali."

Nyuma ya pazia nilisikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa zaidi ya mwaka. Dada yangu alicheka. Kicheko kidogo, kilichokwama na kuanza tena, kama redio inayopata moto.

Mtaniuliza Haji alirudi? Alirudi, anachechemea, na zawadi za ajabu ajabu. Kofia ilimbana. Yeye akasema kichwa kimekua kwa kulala hospitali. Dada akasema hapana, aliishona akiwa na hasira.

Funzo langu, wakuu, ni dogo. Mnapopima spika, msikae mbele tu. Zunguka. Kaa nyuma. Simama ubavuni. Waulize na waliokaa usikokaa wewe wamesikia nini, na wakikwambia, usiharakishe kusema wamekosea. Mimi fundi mwenyewe nilisimama mahali pasiposikika na nikapaona ndipo pazuri.

Na miguu iwe mitatu.

Sasa nanyi semeni. Nani humu ameshajenga ya ubao mtupu, kwa mbao gani, na ameiweka wapi? Na nyumbani kwenu, nani alikuwa anasikia redio na nani alikuwa anaambiwa tu? Wapingaji pia karibuni, sitakasirika.

Ila nisimwache Bwana Suleiman amekaa pale, si adabu.

Alimaliza kahawa yake. Akainuka, akanyoosha kanzu. Akaja mpaka kwenye ubao, akautazama mbele, akachungulia ubavuni, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Nikajua ninatukanwa.

"Kijana," akasema, "nami nyumbani nimekaa na redio ya sanduku, inasema na ukuta. Ukipata nafasi, nijengee mmoja kama huu."

"Nitakujengea, Bwana Suleiman. Inshallah."

"Mpana," akasema. "Nyumba yangu kubwa, na sina wa kumuuliza kasemaje."

Akaligeukia pazia, akainamisha kichwa. "Zuhura, hongera mwanangu."

"Ahsante, Bwana," dada akajibu kutoka ndani.

Alimwita "mwanangu", na sote tulilisikia, mbele na nyuma. Baba akamshika mkono, akamsindikiza ngazini. Nikasikia viatu vyake vinateremka bila haraka, salamu zao za kuagana pale chini, kisha mlango mkubwa wa barabarani ukafungwa nyuma yake taratibu, kama anayeufunga hataki kumwamsha mtu.